Kofia Kwenye Goti la Mama

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoolewa. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, katika nyumba yetu ya zamani ya Kajificheni. Nimesimama nje ya chumba cha mama bila viatu, nimebana pumzi, namtazama kupitia upenyo wa mlango. Mkononi nina kamera ya kanda, ya kuazima. Mama hajui kama nipo.

Usione nimekaa kimya tangu jana, Rahma. Uliponiambia kwamba mwalimu wenu anawataka mtengeneze filamu fupi isiyo na sauti, ya kuonyesha hisia moja tu, nilikujibu "haya, vyema," nikainuka kwenda kutia maji birikani. Birika lilikuwa limejaa. Shangazi yako hakutaka uuone uso wake, basi. Kazi niliyopewa mimi nikiwa na umri wako ndiyo hiyohiyo uliyopewa wewe, tofauti ni kwamba kamera yangu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na yako inaingia mfukoni. Ngoja nikusimulie. Si hadithi ya kukufurahisha, nakwambia mapema.

Tulikuwa wanafunzi wachache, tunasomea chumba kimoja kule Vuga. Mwalimu wetu aliitwa Deo, Mkristo wa bara, mtu mpole ambaye shati lake halikuwahi kuwa na mkunjo. Alikuwa akituambia kwamba mtu akizungumza uso wake hupumzika; mnyime maneno ndipo uso ufanye kazi. Siku hiyo akakata vikaratasi, akaandika hisia, akavitia katika gilasi, kila mmoja akachomoa chake. Rafiki yangu Asha alipata furaha. Akaenda kumpiga picha mpwa wake anakula barafu ya ubuyu, kazi ikaisha. Mimi nikachomoa "kukata tamaa."

Kwanza nilimwomba Asha aniigizie. Maskini Asha! Alijishika kichwa, akajitupa kitandani, akapiga kifua, akabingirika mpaka mtandio ukamvuka. Mwalimu Deo akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Huyu dada anaumwa na jino?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kwa nje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asha alikuwa na baba, ana mama, ana mchumba. Kukata tamaa angekutolea wapi?

Na mimi kukata tamaa kulikuwa nyumbani kwetu, kumekaa ukingoni mwa kitanda.

Baba alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Babu yako huyo, fundi wa saa, mtu aliyekuwa akivaa kofia ya viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, iliyoshonwa na mkewe, na hakuvaa ya mwanamke mwingine wala ya dukani maisha yake yote. Alipokufa mama akaingia eda. Ninyi wa leo mnaijua eda kwa kuisikia tu. Kizuka, ndivyo tunavyomwita mwanamke aliye edani, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, na kwetu sisi hata sauti ya mwanamume ikisikika ukumbini, watu hufunga mlango wa chumba chake. Mama aliishika eda yake kama mtu aliyeshika yai. Si kwa kuogopa watu. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo huduma ya mwisho aliyobakiwa nayo kwa mumewe.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mama yake, bibi yangu wa Jambiani, alikuwa mgonjwa. Alikuja mjini kwa msiba, akakaa na mwanawe mpaka siku za mwanzo zikapita, akarudi kwake kuangalia mwani wake, aliokuwa akiulima pwani kwa vigingi na kamba. Miaka yote ile ya kusimama majini ilikuwa imemuingia kifuani. Mara mjomba Haji, kaka yake mama, akaanza kuja na habari: bibi hali vizuri, bibi sasa hatoki nje, bibi anamuulizia Mwanajuma wake. Mjomba ni ndugu, huyo aliruhusiwa kuingia chumbani. Na mama kila mara alimjibu neno moja.

"Mwambie nikitoka tu eda, siku hiyohiyo, hata chai sinywi, nnakwenda Jambiani."

Alikuwa keshafunga mkoba. Ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango: doti ya kanga, sukari, dawa ya kifua, na mafuta ya nazi ya kumkandia. Siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nami nilikuwa naupita mkoba ule kutwa mara ngapi sijui, nikijua kabisa maana yake.

Sasa rudi nami kwenye ule upenyo wa mlango. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa wazi, nywele hazijasukwa tangu msiba. Anashona kofia. Ile kofia aliianza baba akiwa hai, kipimo cha kichwa cha baba, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeshalazwa mchangani. Anashona vilevile. Anatoboa tundu, analizungushia uzi, anakaza, anahamia tundu la pili. Alipofika mahali fulani akasita, akakunja goti, akalivisha ile kofia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipima siku zote, kwa sababu alikuwa akisema goti lake na kichwa cha baba ni ndugu, na baba akisikia hivyo anacheka mpaka anakohoa. Akaiangalia kofia pale gotini. Akainyoosha pembeni kwa kidole gumba, kama unavyomtengeneza mtu anayetaka kutoka kwenda Ijumaa. Kisha mkono ukabaki pale juu, haushuki. Hakulia. Ningemuona analia labda ningeitupa kamera nikaingia kumkumbatia. Lakini hakulia, na mimi nikaendelea kupiga.

Niliogopa nikimwomba ruhusa atakataa, na akikubali ataharibika, atakuwa kama Asha. Tena nikajipa moyo: ataiona Mwalimu Deo na wenzangu wawili watatu, yatakwisha hapohapo. Mtu akitaka kufanya jambo hakosi wakili moyoni mwake.

Hayakwisha hapohapo. Mwalimu aliipenda filamu ile mno. Akaamua kazi zetu zote zionyeshwe ukumbini, watu waalikwe, wazee na vijana, wanawake kwa wanaume. Ningeweza kusema hapana. Niliona fahari, sikusema. Ilipofika yangu, ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia feni linazunguka. Mzee mmoja mbele yangu akavua kofia yake akaiweka mapajani. Ilipokwisha watu walikaa kwanza, ndipo wakapiga makofi. Mwalimu Deo alifuta miwani yake. Na mimi wallahi nilifurahi, Rahma. Nilikwenda nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Katika ukumbi ule alikuwamo Hamadi, kijana wa jirani yetu Bi Mize. Akalijua dirisha, akakijua kitanda, akamjua mama. Kufika kwao akamhadithia mamake kwa nia njema, anasifu. Asubuhi, chai haijachemka, Bi Mize na wanawake wengine wawili wa mtaani wameshaingia kwetu. Nisimsingizie Bi Mize, hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetupikia wakati wa msiba wote. Lakini alikuja na uso wa kupeleka taarifa ya maiti.

"Mwanajuma, mwenzangu, wanaume ukumbi mzima wamekuona jana. Kichwa wazi! Na weye kizuka!"

Mama hakuelewa. Ilibidi wamwelezee mara ya pili, kamera, mlango, ukumbi. Nilikuwa nimesimama palepale na sinia la vikombe. Alipoelewa hakunitazama mimi kwanza. Aliutazama mlango, kana kwamba kuna mtu bado yuko pale nje.

"Eda gani tena hiyo?" alisema Bi Mize. "Imeshavunjika. Huna budi uanze mwanzo."

"Ndivyo tulivyosikia tangu zamani," akasema mwengine.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa, dada. Sasa utafanyaje?"

Hakuna aliyeuliza: imeandikwa wapi? Nani kasema? Walisikia, na waliowaambia walisikia. Walipoondoka nilianza kusema, "Mama, mimi sikujua..." akaninyamazisha kwa mkono.

"Nletee ule mkoba."

Nikamletea. Akaufungua, akatoa kitu kimoja kimoja. Kanga akazirudisha sandukuni. Sukari akanipa niirudishe jikoni, isije ikaingia sisimizi.

Sasa sikiliza mahali penyewe, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unaponiuma mpaka leo. Mtaa wa pili tu kutoka kwetu aliishi Bi Zuhura, mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani sote na ambaye vitabu vya dini alivijua kuliko wanaume wengi wenye vilemba. Ningevaa buibui langu nikaenda kumuuliza, na jibu ningerudi nalo chai haijapoa. Sikwenda. Kwenda kuuliza kulitaka kwanza niseme nilichofanya, nami nilimwonea haya Bi Zuhura. Mama naye aliona haya: mwanamke aliyeonwa kichwa wazi na ukumbi mzima atamtuma nani akatangaze tena? Basi haya yangu na haya yake zikakaa pamoja chumbani, zikaufunga mlango kwa ndani.

Mjomba Haji akaja. "Mama anauliza, eda haijesha tu?"

"Mwambie bado."

Akaja tena. Safari hii hakukaa kitako. Alisema bibi amepungua sana, kila mlango ukigongwa anadhani ni Mwanajuma. Mama akamshika mkono kaka yake, akampa yale mafuta ya nazi ampelekee. "Mwambie bado kidogo," akasema, na yeye na mimi tulijua si kidogo.

Mara ya tatu mjomba alipokuja alibisha hodi, akasimama palepale kizingitini, haingii. Mama akainuka kitandani kabla hajaambiwa kitu. Bibi alizikwa Jambiani siku hiyo baada ya adhuhuri, na mwanawe wa pekee wa kike alikuwa chumbani Kajificheni, mlango umerudishwa, anasubiri siku ziishe ambazo zilikuwa zimeshakwisha.

Ndiyo. Zilikuwa zimeshakwisha. Tulilijua hilo Bi Zuhura alipokuja kutoa mkono wa pole. Aliingia na fimbo yake, akakaa, akasoma Fatiha, akamwombea marehemu. Kisha akamgeukia mama.

"Mwanajuma, nimesikia hukwenda kumzika mama'ako. Una nini? Eda yako nnavyohesabu miye imeshatoka zamani."

Mama akamweleza. Alieleza vizuri, taratibu, kama mwanafunzi anayesoma somo lake chuoni. Bi Zuhura akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia eda huanza upya?"

"Watu, mwalimu."

"Watu gani? Wana majina? Eda ni siku, Mwanajuma. Siku zikipita zimepita, hazirudishwi na jicho la mtu. Kuonwa kule ni dhambi ya aliyekuonesha, si yako weye, wala hakukukuongezea hata siku moja. Na hata ungekuwa bado umo edani, mama yuwafa! Ungenitumia mtu, ningekwambia nenda mchana ukamuone urudi kulala kwako. Mlimuuliza nani humu ndani?"

Akanigeukia mimi.

"Na weye, ulipompiga hiyo sinema, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza, mwalimu."

"Basi. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ndio huu mliokaa nao."

Mama hakupiga kelele. Alikuwa amekaa palepale alipokaa siku nilipompiga, ukingoni mwa kitanda. Alisema maneno mawili tu, si kwangu, si kwa Bi Zuhura.

"Kumbe ningekwenda."

Mwalimu Deo alinifundisha kwamba hisia haihitaji maneno. Maneno hayo mawili ya mama yalionyesha kwamba alikosea. Nimeyasikia kila siku tangu wakati huo, nikikuna nazi, nikikunja nguo, nikisujudu. Kumbe ningekwenda. Hakuna filamu yoyote ambayo ingeweza kuonyesha kukata tamaa kuliko hivyo, na wala sikujaribu tena.

Tulikwenda Jambiani baadaye, sote wawili. Mama alisoma kaburini, kisha akateremka pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Vile vigingi vya bibi vilikuwa bado vimesimama mchangani, kamba hazipo, mwani haupo. Mama alivishika kimoja kimoja, mimi namfuata nyuma nimebeba viatu vyake. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Laiti angenipiga! Nilimwomba radhi mara nyingi, naye kila mara akinijibu, "Nshakusamehe, usijitese." Naamini alinisamehe kwa kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha wake haukumpa nafasi ya kumkanda mama yake kifua hata mara moja.

Ile kanda mwalimu alinikabidhi mwenyewe, akanisihi nisiache kazi. Niliitia sandukuni, na ukungu wa mji huu wetu ukaila mpaka haina kitu. Mama naye ameshakwenda, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sina picha yake hata moja ya wakati ule. Picha moja nzuri iliyopata kupigwa ya mama yangu niliipiga mimi, kwa wizi, na haipo. Kilichobaki ni kofia. Aliimaliza. Ina viua vyote, haijavaliwa na kichwa chochote.

Jana, baada ya kuniambia habari za mwalimu wenu, niliitoa sandukuni niipunge hewa dirishani. Nikakaa kitandani, na goti likajikunja lenyewe. Nikaivisha. Sikujua nitakaa vile muda gani. Kisha nikasikia pumzi ya mtu mlangoni, pumzi inayobanwa. Naijua pumzi hiyo, mwanangu. Ilikuwa yangu kabla haijawa yako.

Sikugeuka. Sikukasirika pia, usiogope. Uliona kitu cha kweli ukakitaka, na mwenye jicho hafundishwi kulifumba. Lakini hukujua ni kofia ya nani, hukujua ni goti la nani ninaloliiga, wala hukujua umechukua nini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Huzuni ya mtu ni chumba chake. Hata mlango ukiwa wazi hupigwa hodi. Muulize usoni kwake, na akishakubali muulize pia angependa nani aione na nani asiione, na akikataa zima kamera yako umtilie chai. Utapata alama ndogo. Alama ndogo hazimzuii mtu kumzika mama yake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikae na haya zako ndani. Nenda kwa ajuaye, umwambie nimefanya hivi, sasa tufanyeje? Haya ya kusema huisha siku hiyohiyo. Ya kunyamaza mimi ninayo bado, na nywele zimeshakuwa nyeupe.

Simu yako najua iko mfukoni. Sikwambii uifute picha yangu, wala sikwambii uionyeshe. Mwenyezi Mungu akujaalie jicho liendalo na rehema, akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na miguu ya kuwahi kwa uwapendao wangali hai. Akuepushe na neno "kumbe," mwanangu, akuepushe nalo kabisa. Amin. Sasa toka huko mlangoni ulikosimama, njoo ukae hapa mbele yangu, uniulize.